Namwosha mama kila siku, mbona thawabu siisikii?

Assalaam alaikum Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Tanga. Mwaka juzi mama alipata kiharusi. Upande wa kulia wote umelegea na maneno yamempotea. Wakati huo nilikuwa Dar es Salaam nauza nguo. Nikafunga biashara nikarudi nyumbani, kwa sababu kati yetu watoto watatu mimi ndiye wa kike, na sina mume. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza. Ilionekana tu kwamba ni mimi.

Mama yangu ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Watoto wengi wa mtaa huu wamesomea juzuu amma, zile sura fupi za mwisho wa msahafu, mbele yake, barazani kwetu. Ni mtu wa stara sana, hata sisi wanawe tulikuwa hatumwoni kichwa wazi. Leo namfungua pampasi, namsafisha, namgeuza, namfunga nyingine. Nikianza kumvua tu anageuzia uso ukutani, na machozi yanamtoka. Mimi sijui niseme nini. Basi nafanya harakaharaka ili yaishe.

Kazi yenyewe nimeizoea, swali langu ni la moyo. Zamani nilikuwa na darsa yangu ya Jumamosi, nilikuwa na nyiradi zangu baada ya Alfajiri, na Ramadhani sikosi Tarawehe. Vyote vimekatika. Hata swala ya fardhi naipata kwa kukimbizana nayo. Nimetawadha, mama kachafuka. Nimemsafisha, natawadha tena. Nguo imeingia mkojo, nabadilisha. Nikitazama saa, wakati unakaribia kutoka. Usiku nikikaa kwenye mswala nasinzia kabla sijamaliza tasbihi. Katika msahafu wangu, alama niliyoiweka Mfungo Sita iko palepale.

Watu wananisifu. Kaka yangu mkubwa yuko Muscat, kila mwezi anatuma pesa ya dawa na pampasi, hilo simnyimi haki yake. Ananitumia na sauti kwenye simu: "Dada una bahati, pepo iko chini ya nyayo za mama na wewe ndiye uliye miguuni pake." Kaka wa pili yuko hapahapa mjini. Anakuja Ijumaa baada ya swala, anasimama mlangoni, "Shikamoo mama," anakula, anaondoka. Nikimwomba anisaidie walau kumgeuza, anasema yeye mwanamume, haifai. Majirani nao wakipita: "Hongera, unachuma thawabu."

Shangazi, mimi thawabu siisikii. Nasikia maumivu ya kiuno, nasikia harufu ya mkojo vidoleni hata nikinawa kwa ndimu. Kuna saa "uff" inanifika kooni naimeza, na aya inayokataza kuwaambia wazazi neno hilo naijua, mama mwenyewe ndiye aliyenihifadhisha.

Kuna jambo moja limenishangaza. Mama hawezi hata kuniambia anataka maji. Lakini juzi nilikuwa nasoma Fatiha kwa sauti, akaipokea katikati akaimaliza, kila herufi mahali pake. Nikamuuliza, "Mama, nikuletee uji?" Akanitazama tu.

Naomba uniambie ukweli. Hii ninayofanya ni ibada, au watu wananipoza tu? Na kama ni ibada, mbona moyo wangu mkavu hivi?

Mwenye Moyo Mkavu, Tanga

*

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Ndiyo, ni ibada. Hilo silisemi kukupoza. Mtu mmoja alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akiomba ruhusa ya kwenda jihadi. Akaulizwa, wazazi wako wangali hai? Akajibu ndiyo. Akaambiwa basi jihadi yako iwe kwao. Wameipokea Bukhari na Muslim. Tazama kwamba hakuambiwa awatunze kwanza, kisha akipata nafasi arudi kwenye jambo kubwa. Aliambiwa jambo kubwa liko kwao. Wewe umeandika kwamba ibada zako zimekatika. Mimi naona umehamishwa chumba, na hujaonyeshwa mpangilio wa chumba kipya.

Kila ibada ina adabu zake. Swala ina utulivu, ukiifanya mbiombio unaambiwa rudia. Kumwosha mama nako kuna adabu, na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu barua yako yote naiona iko pale kitandani anapogeuzia uso ukutani.

Huyo ni mwalimu aliyeishi kwa stara. Mwili ameuachia mikono ya watu, hana namna. Kilichobaki chini ya amri yake ni uso, basi anauficha uso. Na haraka yako, ambayo wewe unaifanya kwa kumhurumia, yeye huenda anaiona ni kukirihika. Hawezi kukuuliza, na wewe hukumwambia.

Sisi wa pwani tunajua kuosha maiti. Mwoshaji anaifunika tupu, anajifunga kitambaa mkononi asiguse ngozi kwa ngozi, hatazami pasipo haja, na alichokiona hakitoki nje ya pazia. Adabu yote hiyo tunampa asiyesikia tena. Aliye hai, anayesikia na kulia, tunamfungua mzima mzima mlango ukiwa wazi kwa sababu tuna haraka ya kufua. Nilifanya kazi wodini miaka mingi kabla sijastaafu, na hilo nimeliona kwa watoto wema kabisa, wanaowapenda wazazi wao.

Kwa hiyo kesho fanya hivi. Funga mlango, weka kila kitu karibu kabla hujamgusa: beseni mbili, vitambaa, sabuni, pampasi safi, nguo, mafuta. Maji yapime kwa kiwiko, kiganja kilichozoea moto kinadanganya. Simama upande wake wa kushoto, akuone na akusikie. Mwambie, "Mama, nataka kukuosha. Nakufunika." Mfunike kanga mbili, moja kifuani na moja kuanzia kiunoni, kisha funua kile unachokiosha tu, ukikausha ukifunike ndipo uende kingine. Usimsugue, mpapase kwa taulo mpaka pakauke vizuri, hasa kwenye mikunjo. Tupu ya mwanamke inasafishwa kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume, ili uchafu usipelekwe kwenye njia ya mkojo.

Na hili ndilo nililotaka hasa ulishike. Mkono wake ulio mzima ni wa kushoto, na huo ndio mkono wa kuchambia. Mwinue mgongo kwa mito, mpe kitambaa chenye maji, au mmiminie kwa kopo, umwache ajisafishe mwenyewe kiasi anachoweza. Hatafika kote. Wewe utamalizia. Lakini aanze yeye. Uso wake aoshe yeye pia. Itachukua muda mrefu kuliko ukifanya peke yako, na pengine siku za kwanza atakataa. Usimlazimishe, weka tu kitambaa mkononi mwake kila siku.

Ukifika kwenye nguo: tulipokuwa tunafundishwa uuguzi tuliambiwa mgonjwa wa kiharusi unapomvisha anza na mkono ulioathirika, unapomvua anza na ulio mzima, ili ule uliolegea usivutwe. Bega lake sasa halina misuli ya kulishikilia, ukimvuta kwa mkono ule linaweza kuteguka. Kwa mama yako, mkono ulioathirika ni wa kulia. Basi utavisha kuanzia kulia na kuvua kuanzia kushoto. Hiyo si ndiyo sunna ya kuvaa na kuvua aliyokufundisheni barazani? Isome bismillahi kwa sauti, anza kulia, ajue kwamba somo lake limeshika.

Mchana mgeuze kila baada ya saa mbili hivi, na kila ukimgeuza tazama mfupa wa chini ya mgongo, nyonga na visigino. Ukiona pameiva, pamekuwa peusi kuliko ngozi ya pembeni, au pana joto, usimlalishe tena upande huo, na nenda ukaonyeshe zahanati kabla ngozi haijachanika. Chakula ale akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, kiingie upande wa kushoto wa kinywa, na abaki ameketi kama nusu saa akishamaliza. Akipaliwa na maji, mara nyingi uji mzito humpita salama zaidi, lakini mweleze daktari.

Sasa Fatiha. Kiharusi kinacholegeza upande wa kulia kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakokaa. Maneno ya kutunga, ya kujibu, ya kuomba maji, yanapotea. Yale yaliyokaririwa tangu utotoni, dua, sura, kaswida, hata kuhesabu moja mpaka kumi, mara nyingi yanabaki. Nimewahi kuuguza bibi asiyeweza kutaja jina la mwanawe, na wenzake wakianza maulidi kando ya kitanda anaitikia hakosei. Kwa hiyo mama yako hakukugomea ulipomuuliza uji. Neno limemkimbia. Maswali yako yafanye ya kujibiwa kwa kichwa au kwa mkono, mwonyeshe kikombe na bakuli achague.

Na usimgeuze onyesho, kila mgeni akija "Mama hebu soma wakusikie." Anza sura wewe, simama kidogo, mwache aipokee. Anza na zile fupi alizokuwa akiwafundisha watoto. Ukikosea herufi kwa makusudi, mtazame uso. Mwalimu wa chuo hawezi kuvumilia herufi mbovu. Kisha waite wale wanafunzi wake wa zamani, mmoja mmoja, baada ya Alasiri akiwa ameshaogeshwa na kuvishwa vizuri, waje wasome juzuu amma mbele yake kama zamani. Sikuahidi kwamba maneno yake ya kawaida yatarudi. Hilo ulizia hospitali ya mkoa pamoja na mazoezi ya viungo, kama bado hajaanza. Lakini wewe umesikitika kukosa darsa ya Jumamosi wakati mwalimu amelala chumba cha pili na bado ana kitu cha kufundisha.

Kuhusu udhu, hapa unajitesa zaidi ya ulivyotakiwa. Mkojo au kinyesi kikikupata mkononi au kwenye nguo hakikutengui udhu, unaosha palipopatwa basi. Kinachokusumbua ni kugusa tupu kwa kiganja, ambako kwa madhehebu ya Imam Shafii tunayofuata wengi wetu huku pwani kunatengua. Ukivaa glavu hakuna kugusa, na udhu wako unabaki. Mwambie wa Muscat kwenye pesa ya pampasi aongeze na ya glavu, zitakukinga na maradhi pia. Tenga dera moja la kazi, na nguo za swala zitundike chumba kingine. Mama naye aswali kwa hali aliyonayo. Sahaba Imran bin Huswain alipougua aliambiwa na Mtume aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kwa asiyezuia mkojo kuna utaratibu wake wa kutawadha kila wakati wa swala unapoingia. Mwite sheikh wenu nyumbani akueleze mbele ya mama mwenyewe, asikie kwamba swala yake haijafutwa. Kama daktari amesema hataweza kufunga tena, Ramadhani ikija anatolewa fidya, kibaba cha chakula kwa kila siku. Tarawehe unaiswali nyumbani, hata rakaa chache, kando ya kitanda chake.

Nimekuja kwenye moyo mkavu. Unaijua hadithi ya watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni, kila mmoja akamwomba Mungu kwa tendo lake jema. Wa kwanza alileta maziwa ya wazazi wake akakuta wamelala. Akasimama na chombo mkononi mpaka alfajiri, watoto wake wakilia njaa miguuni pake. Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi kutafuta alijisikiaje usiku ule, na haipo. Hatuambiwi kwamba moyo wake ulijaa nuru. Pengine miguu ilimuuma. Alichokitaja kwa Mola wake ni kimoja tu, kwamba kama alifanya kwa kutaka radhi Zake, basi wafunguliwe. Nawe niya hiyo unaweza kuiweka moyoni dakika unapoingiza kitambaa kwenye maji. Utamu ukija, mshukuru Mungu. Usipokuja, mama ameoshwa na niya imeandikwa.

Na hiyo "uff" unayoimeza, isome aya mpaka mbele. Watu wanaishia kwenye dua ya kuwaombea wazazi rehema, aya ya 24 ya Suratul Israa. Aya ya 25 inasema Mola wenu anayajua zaidi yaliyomo nafsini mwenu, na mkiwa wema Yeye ni msamehevu kwa wanaorejea. Imewekwa palepale, baada ya wazazi. Aliyeikataza uff alijua koo za waja Wake.

Bado sijaimaliza ile hadithi ya pangoni. Yule wa wazazi alipoomba, jiwe lilisogea kidogo tu, hawakuweza kutoka. Walitoka pale wote watatu walipokuwa wametoa kila mtu alichokuwa nacho. Kwenu nako mko watatu.

Kaka yako wa hapo mjini amesema haifai. Kwa Shafii, tupu ya mama mbele ya mwanawe wa kiume ni baina ya kitovu na magoti. Mgongo, mikono, kichwa na miguu si siri kwake. Mama akiwa amevaa na amefunikwa kanga, mwanamume mwenye nguvu anaweza kumgeuza, kumketisha, kumlisha, kumkata kucha, kumpaka mafuta miguuni, kufua mashuka, na kulala chumba hicho usiku mmoja ili wewe ulale. Na pasipokuwa na mwanamke kabisa, dharura ina hukumu yake. Usimwombe tena kwa jumla jumla, maana ombi la jumla linakataliwa kwa jumla. Mwambie hivi: "Kaka, Ijumaa ukitoka msikitini mama ni wako mpaka Isha. Nitakuwa nimeshamsafisha. Utamlisha, utamgeuza mara tatu, akichafuka utanipigia. Mimi ninakwenda kulala kwa shangazi." Kisha uende kweli. Usibaki jikoni unasikiliza.

Wa Muscat anajitahidi na asidharauliwe, ila pesa ya dawa haijamlipa mtu wa kukupokea. Akuwekee fungu la msaidizi wa kike wa kuja asubuhi, mtu unayemfundisha wewe mwenyewe adabu ya kanga mbili. Na zile sauti za hongera aache kukutumia wewe. Ampigie mama kwa video, aanze Suratul Ikhlas, asubiri.

Mwisho, usingizi. Sahaba Salman alipomtembelea sahaba mwenzake Abu Dardaa alimkuta anafunga mchana na kusimama usiku kucha. Akamlazimisha ale, akamwambia alale, na walipofika mwisho wa usiku ndipo wakaamka wakaswali pamoja. Akamwambia Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki na watu wako wana haki, na Mtume akasema Salman amesema kweli. Mtu anayeamka mara nne usiku miezi mfululizo hukauka, na akiwa mcha Mungu hudhani ni imani iliyokauka. Lala kwanza, ndipo tuzungumzie nyiradi. Ukiona unalia bila sababu, chakula hakipiti, au unaamka ukitamani usingeamka, hayo ni maradhi kama ya mama, mwone daktari na umweleze wazi.

Zamu ya kaka yako ianze Ijumaa hii, usingoje nyingine.

Shangazi